Jicho la Kushoto la Binti wa Mpima Macho

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, nanyi wagonjwa wake ambao wengi wenu nawatambua kwa fremu za miwani kabla sijawatambua kwa sura, poleni, na asanteni kwa kufika. Wenye viti wakae, wasio na viti wasogee kivulini, na wale vijana kule nyuma wazime simu zao, maana nitasoma mara moja tu. Mimi ni dada yake marehemu, tumeachiana ziwa, na kazi hii alinipa yeye mwenyewe akiwa kitandani hospitalini, akasema wengine wote watalia katikati ya ukurasa, wewe utafika mwisho kwa sababu una kiburi. Akanikataza nisimsifu kwamba alikuwa mtu mwema, kwani hajapata kusikia maiti aliyesemwa vibaya. Akataka nieleze habari ya jicho la kushoto la binti yake, jicho ambalo kwa miaka karibu thelathini alikuwa akijiuliza kama aliliwahi au alilichelewa. Nitaeleza, lakini historia ina utaratibu wake, kwanza mtu azaliwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa fundi mchomeleaji na mshonaji wa mashuka ya hospitali. Alikuwa mtoto mtaratibu, wa kukaa kizingitini akitazama mbele, na ukimuuliza anatazama nini anakwambia anatazama tu. Siku moja mama alilitundika koti la baba kwenye msumari wa mlangoni, kaka akapita akaliambia, "Shikamoo, Baba," akasimama akingoja aitikiwe, koti likanyamaza, naye akaenda jikoni kushitaki kwamba baba amemnunia. Tulicheka mpaka tukaketi chini. Hakuna aliyejua kwamba kwake yeye dunia nzima ilikuwa ya namna ile, vitu vimeyeyuka kingo, watu wanatokea ukunguni wakiwa hawana nyuso mpaka wafike karibu, taa ya jirani ni ua kubwa la mwanga lenye petali zinazotikisika, na sisi nduguze anatujua kwa mwendo na kwa kikohozi. Nyota, alikuja kuniambia ukubwani, alidhani ni jambo ambalo watu wazima wamekubaliana kulisema, kama vile wanavyokubaliana kusema chakula kitamu hata kikiungua. Yeye alidhani wote tunaona hivyo, nasi tulidhani anaona kama sisi, maana hakuna aliyewahi kuazima macho ya mwenzake akayajaribu.

Alianza masomo Januari 1960 katika shule ya msingi iliyokuwa jirani na tangi la maji, na kwa kuwa alikuwa mrefu, mwalimu akamweka dawati la nyuma kabisa, na hapo ndipo alipoitwa mvivu. Ubaoni hakuona herufi, aliona weupe unaotembea na mkono wa mwalimu, kwa hiyo alinakili kwa jirani yake, na jirani akikosea naye anakosea vilevile, wakachapwa pamoja kwa muda mrefu. Mwaka 1963, akiwa darasa la nne, alikuja shuleni muuguzi mmoja mama mnene mwenye sauti ya chini, akatundika ubao wa herufi ukutani, akawapanga watoto mstari. Kaka alisoma herufi ya juu, ile kubwa kama mlango, basi. Muuguzi hakumgombeza. Akachukua kipande cha katoni, akakitoboa kwa ncha ya sindano, akamwambia achungulie kwa kitobo kile, na kaka akasoma mstari wa pili, wa tatu, wa nne. Yule mama akamweleza mwalimu mkuu kwamba mtoto akiona vizuri kupitia tundu la sindano, basi jicho lake si gonjwa, linataka kioo tu, na mwalimu mkuu akalitazama lile katoni kwa mashaka, kama anayeuziwa kitu.

Kaka alirudi nyumbani na katoni lile, akashinda nalo jichoni juma zima, akigonga masufuria. Alikuwa akisimama chini ya mti wa uani akitafuta majani, moja baada ya moja, na jua lilipozama alitoka tena akazikuta nyota, moja moja kwa kitobo, akaniita nije nione, nikamwambia mbona zipo siku zote. Alinikasirikia sana. Miwani yake ya kwanza ililetwa na baba mwezi Machi 1964, ikiwa imefungwa ndani ya soksi isivunjike, akaivaa, akageuka, akamtazama mama usoni kwa muda mrefu hata mama akajifuta mashavu, akauliza, "Nina masizi?"

Baada ya hapo hakushikika. Alisoma sekondari kuanzia 1967 hadi 1970 katika shule ya bweni ya wavulana, akafundisha hesabu kwa muda shule ya jioni, na mwaka 1972 akachaguliwa kujiunga na chuo cha afya, idara ya upimaji wa macho, akahitimu Novemba 1974. Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa katika hospitali ya serikali, chumba cha mwisho cha korido, ambako alifanya kazi kwa miaka kumi na mitano, na tarehe 1 Juni 1990 akafungua chumba chake mwenyewe, ghorofani juu ya fundi viatu, pale ambapo wengi wenu mlipanda ngazi zile nyembamba mkilalamika.

Chumba kile tunakijua. Pazia zito jeusi, harufu ya gundi ya viatu ikipanda kutoka chini, kiti kimoja kirefu, na mwisho wa chumba ubao wa herufi wenye taa yake, ukielea gizani. Mtu akishaingia mle alikuwa akishusha sauti bila kuambiwa. Kaka anakuvalisha lile fremu zito la majaribio, anadondosha kioo, anatoa, anadondosha kingine, anauliza, "Ipi nafuu, hii au hii?" na swali hilo ndilo lililomzalia jina, watoto wa mtaani wakamwita Mzee Ipi Nafuu, akaitika. Alikuwa haamini maneno ya mtu peke yake. Alikuwa na kurunzi yake ndogo yenye mstari wa mwanga, anaumulika ndani ya mboni yako, anautikisa taratibu kushoto na kulia, na ndani kule, alisema, kuna wekundu kama wa makaa na kivuli kinapita juu yake, kivuli kikifuata mwanga jicho lina habari yake, kikienda kinyume lina habari nyingine, naye anaweka kioo juu ya kioo mpaka kivuli kitulie. Alikuwa akiifanya kazi hiyo kimya, anapumua polepole, na wazee wengi walisinzia pale kitini.

Akimaliza anakueleza kwa lugha ya nyumbani. Jicho lako ni refu mno, mwanga unatua kabla ya pazia la nyuma, ndiyo maana unaona cha karibu na cha mbali kinakupotea. Au jicho lako ni fupi mno, mwanga unapitiliza, unajikaza kutwa nzima kuurudisha, ndiyo maana kila ikifika saa tisa kichwa kinakuuma ukadhani umerogwa. Au jicho lako si duara kama mpira, limebonyea kama kijiko, mistari ya wima inatulia na ya kulala inatawanyika. Na wale waliovuka arobaini aliwaambia hawaumwi chochote, mikono yao imekuwa mifupi. Mimi mwenyewe nilipanda ngazi zile na gazeti mkononi kumwambia kwamba siku hizi wanachapa vibaya, akanivalisha vioo viwili, gazeti likachapwa upya papo hapo, na kwa dharau zake akanipa kitambaa cha kufutia tu.

Kuhusu ndoa. Marehemu alifunga ndoa tarehe 22 Desemba 1979 na wifi yangu huyu mnayemwona mbele, ambaye wakati huo alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mahakama, na aliyefika hospitalini kwa kuumwa kichwa. Jicho lake lilikuwa fupi kidogo, jambo la dakika ishirini, lakini kaka alimpima asubuhi nzima, akamwambia arudi Jumatatu, akamwambia arudi tena Alhamisi, mpaka wifi akamuuliza, "Wewe bwana, macho yangu yana nini hasa?" naye akaangusha sanduku la vioo. Wifi, pole sana mama. Uliishi na mtu aliyekuwa kila jioni akiivua miwani yake, akaiweka juu ya meza, akakaa barazani katika ukungu wake wa utotoni, taa za mtaa zikimchanulia, naye ametulia, anatabasamu peke yake, na ukimsemesha anakwambia usiniamshe, nimepumzika.

Mungu aliwajalia watoto wawili. Wa kwanza ni wa kiume, alizaliwa tarehe 17 Aprili 1981, yeye ni mhasibu na macho yake ni mazima kabisa. Wa pili ni wa kike, alizaliwa tarehe 3 Agosti 1986, naye ndiye Kitinda wetu, na sasa tumefika pale nilipoagizwa.

Wifi alikuwa akitoka kazini jioni, hivyo tangu chumba kile kilipofunguliwa Kitinda alikuwa akishinda mle na baba yake, chini ya meza, juu ya mto wa kiti, gizani. Mchana kutwa watu wanasoma herufi juu ya kichwa chake, sauti nene, sauti za vikongwe, sauti za wanafunzi, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wengine wakikwama mahali palepale kila mara, na mtoto anacheza, anasinzia, anaamka, herufi bado zinapita. Alizijua kabla hajajua kusoma. Alizijua kama mnavyojua nyinyi nyimbo za kubembelezea, hakuna aliyekaa akamfundisha.

Na kaka alikuwa na desturi yake, kila mwanzo wa mwaka anatupima familia nzima kwa zamu, tumepanga mstari ngazini, tunataniana, harakaharaka kwa ubao tu bila kurunzi, maana sisi ni wa nyumbani. Kitinda akifikiwa anaziba jicho moja kwa kiganja, anasoma mpaka mstari wa mwisho kabisa, tena kwa mahadhi, anaziba la pili, anasoma tena, sisi tunapiga makofi, baba yake anasema macho kama ya mwewe. Msije mkasema mtoto alidanganya. Yeye alidhani ndiyo kazi yenyewe. Alidhani watu wote wanaokuja pale wanakuja kukariri, wale wazee wanaokwama wamesahau, na baba yake ni mwalimu anayewasikiliza.

Dalili zilikuwepo, nazo tulikuwa tukizicheka. Kitinda akimimina chai, nusu inaingia kikombeni na nusu siniani. Mpira ukirushwa kwake unampita, yeye mikono bado anaiinua. Juani alikuwa akifumba jicho la kushoto, na picha akipigwa kichwa kimeinama upande, tukasema ana madaha. Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema huyu mtoto ni mzembe, amerithi kwa shangazi yake, yaani mimi. Jicho la kulia la mtoto lilikuwa zima na lilibeba mzigo wote, na mtu mwenye punda mmoja mzuri hamuulizi yule wa pili kwa nini halimi.

Mwaka 1994 mvua zilivujia chumba kile, ubao ukaingia unyevu, ukavimba na kujikunja, na Januari 1995 kaka akaagiza mpya. Ubao mpya ulikuwa na herufi nyingine. Siku ya kutupima sisi ikafika, tumepanga mstari kama kawaida, nami nilikuwa nyuma ya Kitinda. Akaketi, akaziba jicho la kushoto, akautazama ubao, akasita, akasoma herufi mpya taratibu, moja moja, akafika chini. Tukapiga makofi. Akaziba la kulia. Akanyoosha mgongo, akaanza kwa mahadhi yake yaleyale, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kusita hata kidogo, sauti nzuri, anaenda mpaka chini kabisa, na hakuna herufi hata moja katika alizozitaja iliyokuwa ukutani. Alikuwa anausoma ubao uliotupwa.

Kaka alicheka kwanza. Kisha akauelekeza mkono ukutani. Akamwambia, "Mwanangu, soma huo ulioko mbele yako," na mtoto akajibu kwa upole tu, "Baba, kwa jicho hili huwa hakuna kitu mbele, ndiyo maana nakumbuka." Nilimwona kaka akiishika ile kurunzi yake, akamulika ndani ya jicho la kushoto, akatikisa mwanga, akaweka kioo, akaweka kingine, akaweka kingine, kivuli kinakataa kutulia, sisi wote tumesimama gizani tunasikia vioo vikigongana. Jicho lilikuwa fupi sana, na limebonyea, na kwa kuwa halikupata kuona kitu safi tangu kuzaliwa, ubongo ulikuwa umeliacha, likawa linalala wazi. Kilikuwa kitu ambacho angemwambia mama yeyote wa mtaani katika dakika tano, na binti yake alilelewa chini ya meza yake.

Alimpeleka siku ya pili kwa daktari bingwa wa macho, mama mmoja aliyesoma naye, aliyewaambia ukweli wao: jicho la namna hii huamshwa mtoto akiwa mdogo, wa miaka minne, mitano, huyu anakaribia tisa, pengine mlango umefungwa, pengine bado una upenyo, tujaribu. Mtoto apewe miwani, na jicho zima lizibwe kila siku kwa saa kadhaa, ili lile jingine lilazimike kufanya kazi. Kaka akauliza, "Nimechelewa?" Daktari akamjibu kwamba hilo halijui mtu yeyote leo.

Wifi akashona vitambaa vya kuzibia, vyenye maua, vyenye mistari, na mtoto alivichukia vyote kwa usawa. Aligonga milango, alilia, shuleni wakamwita Nusu Siku, maana jicho moja lilikuwa usiku. Ndipo kaka naye akajiziba jicho lake la kulia, akakaa naye mezani kila jioni, baba na mwana wamefungwa vitambaa vya maua, wanachambua maharage na mchele, wanatunga shanga kwenye uzi, wanabishana hili ni jiwe au ni punje. Karibu miaka mitatu nyumba ile ilikula mawe. Kaka yake Kitinda, yule pale, alivunjika jino, na wifi alitishia kurudi kwao. Jicho lilisogea, jamani, lilisogea mstari, likasogea mwingine, polepole mno, na mwishoni mwa 1997, lilipofika katikati ya ubao, Kitinda akiwa na miaka kumi na mmoja alikusanya vitambaa vyote akavitia kwenye moto wa jikoni, akasema, "Baba, inatosha, nimechoka." Naye kaka hakumlazimisha. Miwani aliendelea kuvaa, kuzibwa alikataa.

Tangu hapo kaka hakupata tena amani kamili. Jicho lililoamshwa nusu huweza kurudi kulala, naye alilijua hilo kuliko yeyote. Na Kitinda alipofikisha miaka kumi na minane alikataa kukalia kile kiti, akamwambia, "Mimi ni mwanao, si mgonjwa wako," akawa anapimwa kwa watu wengine na majibu anayaweka moyoni. Mnamjua alivyo, na mnajua amemrithi nani. Akasomea useremala, akafungua karakana yake mwaka 2011, na kila alipojigonga kidole gumba kwa nyundo baba yake alikuwa akigeuza uso. Alikuwa akiniambia barazani, miwani ikiwa mezani, macho yake kwenye ukungu wake, "Dada, siku jicho la kulia likimtoka, la kushoto litambeba?" Nilikuwa nikimjibu kwa ukali kwamba anamchuria mtoto. Lakini swali lilikuwa la haki, na hakuna mtu ambaye angeweza kulijibu maadamu jicho la kulia lilikuwa zima.

Marehemu alianza kuugua Julai 2023, moyo ulipoanza kuchoka na miguu kuvimba, akawa anaingia na kutoka hospitali. Na tarehe 2 Novemba mwaka huohuo, Kitinda akiwa anafunga kabati juu ya gari la mteja, kamba ya mpira ilichomoka, ndoano yake ikampiga jicho la kulia. Jicho halikupasuka. Ukilitazama hulidhanii kitu, lakini mshipa wa nyuma uliumia, na madaktari walifanya kila waliloweza, halikuona tena.

Tulikaa kikao cha familia. Likapita azimio kwamba mgonjwa asiambiwe, moyo wake hautastahimili, na Kitinda akienda kumtazama aende kama kawaida. Mimi nilisema kwenye kikao kile, na naomba iingie kwenye historia, kwamba mnaweza kumficha mpima macho deni, ugomvi na mimba, lakini jicho hamtamficha. Nikaambiwa shangazi ninapenda ubishi. Kitinda akawa anaenda, anakaa dakika chache upande wa dirisha, anasingizia kazi, anaondoka, na kaka hakusema kitu mwezi wa Desemba wala wa Januari, nao wakaniambia unaona.

Tarehe 12 Februari 2024, mchana, mimi nilikuwa wodini, nimesimama dirishani namenya chungwa. Kitinda akaingia, akasimama miguuni pa kitanda, akageuza pua kidogo kulia ili amwone baba yake vizuri. Kaka akamwambia, "Sogea." Akatoa kurunzi yake chini ya mto, alikuwa analala nayo, akamulika jicho la kulia, mboni haikushtuka. Akahamia la kushoto, mboni ikajikunja. Akaizima kurunzi. Akauliza neno moja, "Lini?" Na mtoto wa miaka thelathini na saba akaanza kulia kama wa miaka minane, akasema, "Novemba, Baba."

Nilidhani tunampoteza palepale. Lakini yeye alijiinua kwenye mito, akavuta pumzi, akamwonyesha ukingo wa kitanda, akasema, "Keti nikupime." Na Kitinda, ambaye kwa karibu miaka ishirini hakukubali, akaketi. Wodi ile iko ghorofani, chini kuna ua mkubwa, watu wanapita kuelekea lango la nje. Kaka akamwambia aangalie kule mbali, amsomee chochote kinachotembea. Kitinda akafuta miwani yake kwa ncha ya blauzi, akatazama nje muda mrefu, nami nimeacha kumenya. Kisha akasema, "Kuna kijana anakwenda langoni, fulana yake mgongoni imeandikwa Timu ya Waosha Magari." Kaka akanigeukia mimi. Nikatazama, ilikuwa hivyo. "Na chini yake?" akauliza, na sauti yake haikuwa ya mgonjwa. Mimi chini ya maneno yale niliona vumbi tu. Kitinda akasogeza uso, halafu akasoma, "Uchafu wenu ndio riziki yetu."

Kaka akasema, "Rudia huo wa mwisho." Kitinda akamjibu, "Baba, kijana ameshatoka nje." Basi akataka aendelee, na binti yake akaendelea, akasoma namba za pikipiki, akasoma kibao cha duka la dawa ng'ambo ya barabara, akasoma ilani ya kutoegesha magari ambayo kila mtu aliegesha chini yake, na mimi kila mara nasema kweli, kweli, au nasema sioni, endelea. Kaka aliivua miwani yake akalia, akamshika mtoto uso kwa mikono miwili akiwa karibu naye kiasi cha kumwona bila kioo, akasema, "Kumbe liliamka." Jioni hiyo aliomba uji, mtu ambaye siku nne alikuwa haonji kitu, na akalalamika kwamba umepungua sukari.

Alifariki dunia tarehe 15 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa amelala, wifi yangu amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu na ndugu wanne.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa yule muuguzi aliyeruhusu kurunzi ikae chini ya mto ingawa sheria hairuhusu. Nawashukuru majirani, mlipika, mlibeba viti, mlikaa nasi. Nawashukuru wapima macho wenzake waliofunga vyumba vyao leo, na fundi viatu wa chini, aliyesikia miguu yenu yote ikipanda ngazi kwa miaka thelathini na minne na hajadai ukimya.

Wa mwisho kumshukuru ni seremala. Kaka yake alimwambia jeneza litanunuliwa, yeye akumbatie msiba, naye akamjibu, "Baba atalala ndani ya kitu nilichokipima mimi," akaingia karakanani, akafunga mlango. Mtakapopita kuaga, tazameni zile pembe nne, mbao na mbao zimekutana pasipo mwanya, na asiyeniamini apitishe kidole, mimi nimekwisha kupitisha. Amezipima zote kwa jicho la kushoto, maana jingine hana.

Kaka, hukuchelewa. Lala kwa amani.